Kamba ya Kiatu

Saa tatu kasoro asubuhi, Novemba, na jiji la Porto halipo.
Lipo, wanasema. Limezama ndani ya ukungu
kama kijiko ndani ya uji.
Watu wametoka Osaka, Toulouse, Gdansk,
wamelipa nauli waje wakimbie wakitazama mandhari,
na mandhari ni mgongo wa aliyetangulia.

Nimefungwa kwa Abílio:
kamba ya kiatu, ya buluu, fundo kwangu na fundo kwake,
mkono wangu wa kushoto, wake wa kulia.
Anauza bahati nasibu mlangoni pa stesheni ya São Bento,
mwaka wa ishirini na sita huu, na hajaniuzia tiketi iliyoshinda.
Macho yalimwisha akiwa na miaka thelathini na moja.
"Zulmira," aliniambia Juni, "miguu ninayo.
Nikodishe macho. Tukimbie, uniambie jiji lilivyo."

Kilomita ya nne nikaanza kazi.
Nikasema: bahari iko kulia, imetulia,
kuna meli nyekundu mbali kabisa.
"Nzuri," akasema, akihema.
Uongo. Hata ukingo wa barabara sikuuona.
Ya saba nikampa mnara wa taa.
Ya tisa nyumba za vigae, njano, kijani,
na bibi dirishani akikung'uta zulia.
Bibi yule nilimpenda, nikamwongezea paka.

"Na sasa daraja," nikasema, "chuma kitupu, limejipinda juu ya mto—"
Abílio akacheka mpaka hatua zikamchanganya.
"Daraja bado. Sikiliza: maji yanagonga mbao,
hapo wanafunga boti.
Tukifika chini ya chuma, vishindo vyetu vitatushukia kutoka juu.
Ukungu umeanza saa ngapi?"
"Tangu tulipoamka."
"Na paka?"
Sikujibu. Kamba ikalegea kati yetu.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga.
Hawakukimbia siku hiyo.

Maana kuanzia pale yeye ndiye aliyeona.
"Sasa," akasema, na vishindo vikatushukia,
miguu elfu moja ikitembea juu ya vichwa vyetu.
Ng'ambo akanusa: "Mapipa. Mbao zilizolewa mvinyo miaka mia."
Mbele kidogo: "Sabuni. Wanawake wa Afurada wanafua.
Kuna mmoja anagombana na shuka."
Na kweli, sauti ikatoka kwenye weupe, ikilaani shuka,
kisha ikatugeukia: "Kazeni mwendo, nyie wawili, mnafanana na punda!"
Tukakaza. Hatukuwahi kusifiwa vile.

Thelathini na tatu, msuli wa mguu wangu ukajikunja
kama ngumi ya mtoto mchoyo.
Nilisema nenda. Nilisema nikate.
Nilisema maneno ambayo mama hakunifundisha.
Akasimama, akapiga magoti kwenye mawe yaliyolowa,
akapapasa mpaka akaukuta, akaukanda kimya,
huku wale wa mwisho wakitupita mmoja mmoja
na nyuma yao gari la kuokota waliochoka
likinguruma taratibu, mlango wazi, kiti kikavu ndani.
"Lina joto humo?" akauliza.
"Linaonekana."
"Basi tuondoke kabla hatujaona vizuri."

Saa sita na dakika tano. Hiyo ndiyo tuliyotumia, msituulize tena.
Walikuwa wakizikunja zile uzio,
kijana mmoja akatuvika medali huku anakula ndizi.
Na hapo, bila aibu, ukungu ukainuka.

Nikaona mto. Nikaona paa zikipanda kilima,
madaraja, shakwe, jua kwenye vioo,
kila kitu nilichomdanganyia, na zaidi.
"Umeondoka," nikasema.
"Najua, nasikia joto. Haya, sema."
Nikatazama sana. Kooni maneno yalikuwa yamekauka.
"Mto ni mpana kuliko nilivyokuambia."
Akatikisa kichwa.
"Meli nyekundu hakuna. Bibi wa zulia hakuna.
Na paka—"
"Paka mwache," akasema Abílio.

Fundo lilikuwa limelowa jasho, likakataa kufunguka.
Tukaenda kunywa supu hivyo hivyo,
kila mmoja akinyanyua kijiko
mwenziwe akingoja.